Dawa ya Maji Ikitoka Hospitali: Jinsi ya Kuitunza Muhima na Kambini

Wagonjwa wengi wanaotumwa Kigali kwa matibabu hurudi na vidonge, na vidonge tumevizoea. Lakini wapo wanaorudi na chupa: siropu ya mtoto, insulini ya mwenye kisukari, matone ya mtoto mchanga, au morfini ya maji kwa mgonjwa wa saratani. Katika toleo hili tunataka kueleza jinsi ya kuitunza chupa hiyo tangu inapotoka dirisha la famasi hadi tone la mwisho. Tutakaa zaidi kwenye morfini, kwa sababu ndiyo inayoogopwa zaidi na pia ndiyo yenye faida kubwa kwa mgonjwa anayeteseka. Chupa inayompa mzee mwenye saratani usingizi wa usiku mzima inaweza kumuua mjukuu wake wa miaka 2 akiinywa kabla hajapambazukiwa.

Kwanza tuelewe kwa nini dawa ya maji si sawa na kidonge. Kidonge kinahesabika. Ukiwa na 20 jana na leo una 17, unajua 3 vimekwenda wapi. Maji hayahesabiki kwa macho. Kidonge kimoja kina kipimo chake tayari, lakini maji hutegemea kijiko chako, mkono wako na mwanga uliopo. Kidonge kilichoharibika mara nyingi huvunjika au hubadilika rangi, ila maji yanaweza kuingiwa na vijidudu yakabaki yanang'aa kama mwanzo. Tena maji hufanana na maji mengine. Hapo ndipo ajali nyingi za nyumbani zinapoanzia.

USIKU MMOJA MUHIMA

Mgonjwa aliyeruhusiwa mchana kutoka CHUK au hospitali nyingine ya Kigali mara nyingi hawezi kufika kambini siku hiyohiyo. Mabasi ya kwenda Karongi, Nyamagabe na Huye huondoka Nyabugogo, na mtu aliyechoka hukubali kulala kwa ndugu hadi asubuhi. Muhima iko juu tu ya Nyabugogo, kwenye mteremko unaoshuka kutoka mjini, na vyumba vya kupanga ni vingi huko. Kwa hiyo chupa nyingi za dawa hulala usiku wake wa kwanza Muhima, katika chumba kimoja chenye watu 5 au 6, jiko la makaa mlangoni na wapangaji wengine katika ua uleule.

Usiku huo ni wa hatari kuliko watu wanavyofikiri. Mwenyeji hajui chupa ina nini. Watoto wa nyumba hawajui mgeni amebeba nini. Mgonjwa mwenyewe amelala, na mfuko wake uko sakafuni. Ukifika kwa ndugu yako, kabla hujakaa kunywa chai, mwambie wazi: "Shangazi, nina dawa kali hapa, naomba mahali pa juu penye kufungwa." Si aibu, na hakuna mwenyeji mwema atakayekasirika. Kama hakuna kabati, funga chupa ndani ya mfuko wa nguo na uutundike kwenye msumari mrefu ambao mtoto hawezi kuufikia hata akipanda kiti au jerikeni.

Jambo jingine la mjini ni friji. Mtu wa kambini akiona duka lina friji, hufikiri dawa itakuwa salama zaidi humo, na mwenye duka kwa huruma yake anaikubali. Tunasema hapana. Morfini ya maji haihitaji friji. Na chupa isiyojulikana ikiwekwa kati ya soda na maji ya kuuza inangoja tu mtu mwenye kiu. Dawa inayohitaji baridi ni ile ambayo mfamasia amekuambia hivyo au imeandikwa hivyo kwenye lebo. Hiyo nayo ikiwekwa katika friji ya mtu, iwe ndani ya kopo lenye mfuniko na jina la mgonjwa juu yake, mbali na sehemu ya kugandisha barafu, kwa sababu insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka tena.

Hospitali ya Muhima yenyewe inajulikana zaidi kwa uzazi, na hapo kuna suala la kina mama. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye virusi vya UKIMWI hupewa dawa ya kinga ya maji katika wiki 6 za mwanzo. Baadhi ya kina mama, kwa kuogopa maneno ya majirani, hubandua lebo ya chupa au huhamishia dawa kwenye kichupa cha manukato. Tunaelewa hofu hiyo. Lakini chupa isiyo na lebo haina kipimo, haina tarehe, na bibi anayebaki na mtoto hawezi kujua ampe kiasi gani. Iache lebo mahali pake, kisha ishonee chupa kifuko cha kitambaa chenye kamba. Jirani ataona kifuko, na dawa itabaki na jina lake.

Asubuhi ya safari, chupa isafiri mkononi mwako au katika mfuko wa bega. Isiwekwe mbele ya kioo cha gari penye jua wala chini ya mizigo. Ikae wima. Cheti cha daktari kiwe pamoja nayo, kwa sababu morfini ni dawa inayodhibitiwa kisheria, na ukiulizwa njiani karatasi itakujibia.

MORFINI YA MAJI NI NINI

Morfini hutengenezwa kutoka utomvu wa mmea wa mpopi. Unga wake huyeyushwa katika maji yaliyosafishwa na kuongezwa kitu kidogo cha kuzuia vijidudu. Hutuliza maumivu makali ya saratani ambayo parasetamoli haiwezi kuyagusa. Katika nchi zetu njia hii ya maji ilienea kwa sababu ni rahisi kutengeneza, bei yake ni ndogo, na mgonjwa anaweza kuinywa nyumbani bila sindano. Nchini Uganda ilianza kutumika sana baada ya daktari Anne Merriman kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mwaka 2004 sheria ya huko iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Rwanda ilipitisha sera yake ya taifa ya huduma ya kutuliza maumivu mwaka 2011, na baadaye ikaanza kutengeneza morfini ya maji ndani ya nchi.

Familia nyingi zikisikia neno morfini husema, "Basi, wamemkatia tamaa." Wengine huificha chupa wasimpe mgonjwa, au humpa nusu ya kipimo wakidhani wanamlinda. Matokeo yake ni mzee anayelia usiku huku dawa iko sandukuni. Morfini inayonywewa kwa kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu haimuui mgonjwa na haimfanyi mlevi wa dawa. Humletea usingizi siku za mwanzo, kisha mwili huzoea. Hufunga choo, kwa hiyo daktari huongeza dawa ya kulainisha choo, na hiyo nayo isiachwe. Asiachishwe ghafla akiwa ameshaizoea. Muuguzi ndiye atakayepunguza polepole ikihitajika.

Kuitunza vizuri, basi, kuna pande mbili: isiwafikie wasiohusika, na imfikie mgonjwa kwa wakati wake. Mara nyingi tunaona familia ikishika upande mmoja na kuusahau wa pili. Chupa iliyofungiwa kwa kufuli huku mwenye ufunguo amekwenda sokoni haimsaidii mgonjwa. Ufunguo uwe na watu wazima 2, na wote wawili wajue saa za dawa.

Kwa kawaida morfini hii hunywewa kila baada ya saa 4. Familia nyingi hupanga saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kuhusu dozi ya usiku wa manane, muulize aliyekuandikia, kwa sababu wagonjwa wengine hupewa maagizo maalumu ili walale bila kuamshwa.

NGUVU YA DAWA HAIONEKANI KWA MACHO

Soma namba zilizoandikwa kwenye lebo, au mwombe mtu anayejua akusomee. Ikiwa imeandikwa miligramu 5 kwa mililita 5, maana yake kila mililita 1 ina miligramu 1 ya morfini. Ikiwa imeandikwa miligramu 50 kwa mililita 5, ni kali mara 10 kuliko ile ya kwanza, ingawa kijiko ni kilekile na maji yanaonekana yaleyale.

Wale waliowahi kutibiwa Uganda, pengine wakiwa Nakivale au Kyangwali, wanakumbuka rangi: kijani kwa dawa nyepesi ya miligramu 5 kwa mililita 5, nyekundu kwa ile ya 50, na bluu kwa ile ya 100. Ni utaratibu mzuri, lakini ni wa huko. Usitumie kumbukumbu ya rangi za Uganda kupima dawa uliyopewa Rwanda. Tumia namba za lebo uliyo nayo mkononi. Na ukirudi kuchukua chupa mpya, linganisha lebo ya zamani na mpya hapohapo dirishani. Kama namba zimebadilika, uliza kabla hujaondoka.

Lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kinyarwanda. Mzee asiyesoma lugha hizo asione haya kumwambia mfamasia aongeze maneno ya Kiswahili kwa kalamu: jina, kiasi, na saa.

Kipimo chenyewe kipimwe kwa bomba dogo la plastiki lisilo na sindano, au kikombe kidogo chenye mistari. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani: vingine havifiki mililita 3 na vingine vinazidi 7. Kwa chai haidhuru. Kwa morfini, au kwa siropu ya mtoto wa kilo 6, inadhuru. Mimina kiasi kidogo kwenye kikombe safi, vuta kwa bomba hadi mstari uliotajwa, kisha mpe mgonjwa. Kilichobaki kwenye kikombe kisirudishwe katika chupa. Mgonjwa asinywe kwa kuweka mdomo kwenye chupa, maana mate huingiza vijidudu, na baada ya siku chache dawa inaweza kuota ukungu. Ukiona nyuzi zinazoelea, wingu ndani ya maji au harufu ngeni, irudishe kituo cha afya.

HESABU YA CHUPA

Tunapenda sana kila familia ifanye jambo hili, kwa kuwa halina gharama. Tuseme umepewa chupa ya mililita 240 na mgonjwa anakunywa mililita 5, mara 6 kwa siku. Hiyo ni mililita 30 kila siku, kwa hiyo chupa itakwenda siku 8. Bandika utepe wa karatasi kwenye chupa kutoka juu hadi chini, na kila asubuhi chora mstari mahali dawa ilipofikia. Kwenye daftari la shule weka alama moja kila anapokunywa.

Chupa ikiisha siku ya 6, kuna sababu. Huenda kijiko ni kikubwa. Huenda dawa imemwagika. Huenda kuna mtu mwingine anayeinywa, na hilo nalo hutokea katika nyumba za watu wema kabisa. Na chupa ikiwa bado nusu siku ya 8, mgonjwa hapewi kipimo chake. Kwa vyovyote, lete daftari na chupa kwa muuguzi, bila kumshutumu mtu kwanza. Hesabu hii pia inakuonyesha siku ya kurudi kuchukua nyingine. Mtu wa Mahama au Kiziba asingoje chupa ikauke ndipo aanze kutafuta gari. Akibakiwa na dawa ya siku 3, aanze kushughulika.

JOTO LA MABATI NA SHITINGI

Sehemu yenye joto kali ndani ya nyumba zetu ni juu, karibu na bati au shitingi. Bahati mbaya ndiko watu wanakoweka dawa ili watoto wasiifikie. Mchana wa kiangazi, hasa Mahama ambako hali ya hewa ni ya joto kuliko Kiziba au Kigeme, hewa iliyo chini ya bati huwa kama ya tanuri. Dawa nyingi za maji zinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25 au 30, kama lebo inavyosema.

Mahali pazuri ni ukuta usiopigwa na jua la mchana, urefu wa mtu mzima akinyoosha mkono, chini ya paa kwa hatua nzuri, mbali na jiko na mbali na dirisha. Sanduku la bati lenye kufuli linafaa likiwa chini ya kitanda upande wenye kivuli, mradi lifungwe kweli. Ukitumia sanduku, weka chupa ndani ya kopo jingine ili isianguke wala kugusa bati moja kwa moja. Mwanga nao huharibu dawa nyingi, ndiyo maana chupa nyingine ni za rangi ya kahawia. Kama yako ni nyeupe, ivalishe soksi safi au kitambaa.

Kifuniko kikazwe kila mara. Chupa ikiachwa wazi mahali pa joto, maji hupaa na dawa hubaki. Kinachosalia huwa kikali kuliko kilichoandikwa, na mgonjwa aliyekuwa anakunywa kipimo sahihi anajikuta anasinzia mno mwishoni mwa chupa.

Kwa wenye kisukari kuna habari njema kutoka kambi nyingine. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilipima joto ndani ya nyumba za wakimbizi na kuona linakwenda kati ya nyuzi 25 na 37 kati ya usiku na mchana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiweka insulini katika joto la namna hiyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ilibaki na nguvu yake kwa wiki 4. Maana yake mgonjwa asiye na friji anaweza kutunza chupa anayoitumia nyumbani kwa mwezi mmoja, badala ya kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano. Habari hii isikufanye uiache juani. Nyuzi 37 ni joto la mwili, na chini ya bati huweza kuzidi hapo. Fuata muda uliopewa na muuguzi wako.

Ili kupunguza joto, tumia vyungu 2 vya udongo, kimoja ndani ya kingine. Jaza mchanga katikati, uloweshe mchanga kwa maji asubuhi na jioni, kisha weka chupa ndani ya chungu cha katikati ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Funika kwa kitambaa chenye unyevu. Maji yakipaa huchukua joto, kama jasho linavyopoza mwili. Njia hii hufanya kazi vizuri siku za ukavu penye upepo kidogo, na kidogo sana siku za mvua. Lakini chungu hakina kufuli. Kitumike kwa insulini na siropu, katika nyumba ambayo mtoto hafiki kilipo. Kwa morfini, kivuli na sanduku vinatosha.

SIROPU ZA UNGA

Antibiotiki nyingi za watoto hutolewa zikiwa unga mkavu ndani ya chupa. Ukiwa mkavu hukaa muda mrefu. Ukishaongezwa maji, saa yake imeanza. Tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, ongeza nusu kwanza, tikisa, kisha ongeza hadi mstari. Amoksisilini iliyochanganywa na kukaa bila friji itumike ndani ya siku 7. Andika tarehe ya kuchanganya kwenye chupa. Tikisa kila mara kabla ya kumpa mtoto, kwa sababu dawa hutuama chini: asiyetikisa humpa mtoto maji matupu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho. Kilichobaki baada ya tiba kisihifadhiwe kwa ajili ya mdogo wake.

Kwa sababu ya tabu hizi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watoto wadogo vidonge vya amoksisilini vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Mhudumu akikupa hivyo badala ya siropu, usidhani amekunyima dawa nzuri. Maji ya chumvi na sukari ya paketi, yaani ORS, yakishachanganywa hutumika saa 24 tu, kisha humwagwa.

CHUPA ZA SODA NA ZA MAJI

Usihamishe dawa kwenye chupa ya soda, maji au maziwa, hata kama ya hospitali imevuja. Ikivuja, irudishe. Wakati mwingine famasi yenyewe huishiwa chupa na kumwomba mgonjwa alete ya kwake. Hapo leta chupa iliyooshwa na kukaushwa, na usiondoke bila lebo mpya kubandikwa. Kisha uizungushie kitambaa chekundu kwa kamba, ili hata asiyejua kusoma aone kwamba si ya kunywa.

Kanuni hiyohiyo inahusu mafuta ya taa na dawa za kusafishia. Mtoto wa miaka 2 huchukua chupa ya soda na kunywa kabla hajanusa.

MTOTO AU MTU MWINGINE AKIINYWA

Dalili za morfini iliyozidi ni hizi: mtu analala na haamki hata akiitwa na kutikiswa, anapumua polepole au kwa vipindi, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, midomo inabadilika rangi. Usisubiri dalili zote. Ukijua tu kwamba mtoto ameinywa, hata tone, mpeleke.

Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya majivu. Mlaze kwa ubavu ili akitapika asisongwe, na mtu mmoja akae akitazama kifua chake. Piga 912, namba ya gari la wagonjwa nchini Rwanda, au mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, usiku au mchana. Beba chupa. Hospitali zina dawa iitwayo naloksoni inayoondoa nguvu ya morfini, lakini mganga anahitaji kujua aliyekunywa alikunywa nini na kiasi gani. Kwa mafuta ya taa vilevile usimtapishe, kwani yakipanda huingia kwenye mapafu.

Wazazi wengine huchelewa kwa kuogopa kulaumiwa. Muuguzi atauliza ilikuwaje ili amtibu mtoto. Saa moja iliyopotea katika kuficha hairudi.

CHUPA ZINAZOTUMWA NA NDUGU WALIO NJE

Familia zilizopata makazi Marekani na Kanada huona huko madukani mafuta ya matone yaliyokamuliwa kutoka bangi, na kwa upendo hutaka kumtumia mama mwenye maumivu ya viungo au mtoto mwenye kifafa. Ni kweli kwamba kipo kitu ndani yake: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya kanabidioli kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Dawa hiyo hutolewa kwa cheti, hutunzwa wima katika joto la kawaida la chumba, na hutupwa wiki 12 baada ya kufunguliwa. Lakini chupa ya dukani si dawa hiyo. Kiasi kilichomo mara nyingi hakilingani na kilichoandikwa, na baadhi zina sehemu ya bangi inayolevya. Mwanga, hewa na joto huiharibu upesi, na huwezi kujua imekaa juani siku ngapi katika safari.

Zaidi ya hayo, kuna sheria. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kwa leseni kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi. Ruhusa hiyo haikumgusa mtu binafsi: kuwa na bangi, au urumogi kama wengi wanavyoiita hapa, bado ni kosa linaloweza kukufikisha gerezani. Mwambieni ndugu yenu asitume. Akitaka kusaidia, kuna nauli ya kwenda hospitali, na kuna bomba la kupimia dawa.

MGONJWA AKIPONA AU AKIFARIKI

Chupa iliyobaki ndiyo inayosahaulika. Msiba ukiingia, nyumba hujaa watu, watoto hucheza chumbani alimokuwa mgonjwa, na sanduku liko wazi kwa sababu kuna mtu alitafuta shuka humo. Familia ichague mtu mmoja, tangu mgonjwa akiwa hai, ambaye kazi yake siku hiyo itakuwa kuchukua chupa na kuiweka mahali salama. Isimwagwe kwenye mtaro wala bombani, isiuzwe, wala isipewe jirani mwenye maumivu, hata akiomba kwa machozi. Jirani huyo apelekwe kwa muuguzi apimwe na kupewa dawa yake kwa kipimo chake.

Irudishwe kituo cha afya cha kambi pamoja na daftari la hesabu. Kwa walio Muhima, irudishwe katika famasi ya hospitali iliyoitoa. Mhudumu atapima kilichobaki mbele yako, ataandika, na utasaini au kuweka dole gumba. Omba nakala ya karatasi hiyo na uitunze na vyeti vingine vya marehemu.